Hivi vichwa vya waya vya kuzibia pengo wanatuletea vya nini?

ZabibuKavu: Mbukwenyi wakuu. Nina diski ya nje ya kile kichwa kipana cha USB 3.0. Waya umekatika, nimezunguka Majengo mpaka Sabasaba, kila duka taipu C tu, kile kichwa cha simu za sasa. Samsung walikiweka kwenye simu ya Note 3 mwaka 2013, Note 4 wakakitupa. Si wangesubiri tu kiwango kimoja cha maana?

FundiKizota: Wasubiri nini mkuu? USB 3.0 ilikuja na pini tano za ziada, tundu la maikro, lile dogo la simu za zamani, halina pa kuziweka. Wakabandika la pili ubavuni ili waya wa zamani nao uendelee kuingia. Taipu C imetoka 2014. Kabla ya hapo diski waziunge kwa katani?

MsomiAreaC: Hadithi za benchi hizo. Ni tamaa ya hela! Apple hao, taipu C ipo, wakaleta Lightning yao, kile kichwa cha iPhone, walambe hela ya leseni. Nyie mafundi badilisheni sistimu ya chaji, uhandisi waachieni waliokwenda shule.

FundiKizota: Shule ipi hiyo? Lightning ilitoka 2012 na iPhone 5, C haijazaliwa. Kalenda umesomea wapi?

MsomiAreaC: Haya, na baada ya 2014? Mpaka 2023 ndiyo iPhone 15 inapata C, tena Ulaya walishapitisha sheria ya kulazimisha C. Miaka yote hiyo pengo gani walikuwa wanaziba?

FundiKizota: Usihamishe goli. Umesema sijaenda shule. Cheti changu kiko ukutani, njoo ukisome.

BintiKongwa: La shule limekaa vibaya kweli. Simu yangu ilipita kwa mwenye digrii ikarudi skrubu mbili hazipo. Wa pembeni ya stendi kaimaliza dakika kumi.

Kiswaswadu: Wa pembeni ya stendi alinirudishia yangu ina spika ya mtu mwingine 😂

TembeNaWaifai: Mnagombana bure. Ukutani tundu tatu za Kiingereza, redio inakuja na pini mbili, tunasukuma peni tundu la juu ndipo iingie. Hapo mhandisi nani?

BintiKongwa: Peni! Utazikwa na hiyo redio.

TembeNaWaifai: Ni ya plastiki, dada.

ZabibuKavu: Jamani, waya wangu.

FundiKizota: Ninao, elfu nane. Akija kuuchukua Msomi, elfu kumi na tano.