Ofisi ilinituma Aarhus siku nne, nimerudi na bado nadaiwa mimi!

Wakuu, nimevumilia wiki tatu. Leo naona bora niyatoe hapa kabla sijaenda kumkaba mtu pale uhasibuni.

Mwishoni mwa Novemba nilitumwa Aarhus, Denmark, kwenye mafunzo ya mfumo wa kufuatilia makontena. Bandari kubwa ya makontena ya wale jamaa iko pale, kwa hiyo safari ilikuwa na maana yake na mafunzo sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na hawa waliopanga safari ya mtu wakiwa wamekaa kwenye kiti cha kuzunguka, hata ramani hawajaifungua.

Tiketi ya ndege wamenikatia mpaka Copenhagen. Nikauliza, na Aarhus je? Nikajibiwa, "Si Denmark hiyo hiyo? Kanchi kenyewe kadogo, utaunga hapo hapo." Utaunga! Copenhagen iko kisiwani, Aarhus iko bara, kule Jutland. Ni treni ya saa tatu na ushee: mnazama kwenye handaki chini ya bahari, mnaibukia darajani, kilomita 18 za kuvuka maji, mnakipasua kisiwa kingine kizima cha Fyn, ndipo muanze kupanda kaskazini. Ni sawa na mgeni aalikwe Dodoma, akatiwe tiketi ya kuishia Dar, halafu aambiwe SGR ajilipie. Na kuna uwanja wa Billund huko huko Jutland, ndege za kutoka Amsterdam zinatua pale kila siku. Hakuna aliyejisumbua kuangalia.

Treni ni zaidi ya krone 400 kwenda tu. Siku zile krone moja ilikuwa inacheza kwenye shilingi 380, pigeni hesabu wenyewe.

Sasa posho. Nimepewa bahasha ina euro 200, noti mbili za mia mia. Siku nne. Eti mwenyeji atanilisha mchana, kwa hiyo posho kamili "haistahili". Nikamwambia mhasibu kwa upole kabisa, dada, Denmark hawatumii euro. Akanicheka. "Kaka, wewe si unakwenda Ulaya?" Wadenmark walipigishwa kura mwaka 2000 wakaikataa euro mchana kweupe, miaka yote hii, na ofisi inayojiita ya kimataifa haijapata habari! Nikazibadilisha pale uwanjani wa ndege. Hesabu ya benki ni krone saba na nusu kasoro kidogo kwa euro moja, yaani nilitakiwa nikamate kama 1,490. Dirisha la kubadilishia lilikula chake, nikaondoka na 1,350. Toa treni kwenda na kurudi. Nimebaki na mia tano pungufu, mji wenyewe shawarma moja krone 75.

Hoteli haina kifungua kinywa. Saa kumi jioni giza totoro, mvua ya pembeni inayopiga usoni, na viatu vyangu vya ofisini vilifumuka soli siku ya kwanza nikatafute vingine kwa kadi yangu. Chakula cha usiku nilikuwa nanunua rugbrød, ule mkate wao mweusi, vipande vyake vimekaa kama vigae, nakula na dagaa wa kopo nimekaa kitandani. Watu wananiuliza picha za ile njia ya vioo vya rangi ya upinde wa mvua juu ya jumba la sanaa la ARoS. Wakuu, niliiona kwa chini, kama ninyi mnavyoiona kwenye simu.

Na haya yote ningemeza. Bosi wetu alikwenda mji huo huo mwezi wa tano, posho kamili, akarudi hata karatasi moja hajaulizwa. Nayo nikameza.

Kilichonifikisha hapa ni kurejesha masurufu. Nimepeleka risiti zangu zote, nimezibandika kwenye karatasi kwa mpangilio, na dokezo juu naomba nirudishiwe nauli ya treni na hela niliyotoa mfukoni, jumla laki sita na ushee. Faili limerudi na kalamu nyekundu kila ukurasa.

Hoja ya kwanza: "Risiti si za EFD." Aarhus! Nikamtafute muuza shawarma wa Kituruki nimdai risiti ya EFD!

Hoja ya pili, kwenye risiti imeandikwa moms. Ndiyo VAT yao, asilimia 25, inasomeka chini ya kila risiti. Mtu mzima, ana CPA, kaandika: "Moms ni nani na kwa nini amelipwa?" Nilidhani ni utani, nikacheka. Hakucheka.

Ya tatu ndiyo imeniua. Ukinunua maji ya chupa kule wanakutoza amana ya chupa, kwenye risiti inakaa mstari wake peke yake: PANT 1,50. Chupa ukiirudisha kwenye mashine hela yako inarudi. Mimi maji nilinunua mara sita. Basi kazungushia zote sita, pembeni kaandika: "Nguo za ndani si matumizi ya ofisi." Na hilo faili limepita kwa watu wanne, wakuu. Wanne! Sasa nikipita korido nasikia vijana wa stoo wananiita Mzee Pant.

Nikaandika maelezo ukurasa mzima, kistaarabu, nikafafanua kwamba pant ni amana ya chupa, haihusiani na nguo. Nikaambatanisha na picha ya chupa.

Naomba mliowahi kusafirishwa na ofisi zenu mniambie, nauli ya treni ya nje mliidai kwa njia gani ikapita? Ijumaa ndiyo mwisho, wasiporidhika wanakata ile euro 200 yote kwenye mshahara wa Desemba, na ada za shule ndiyo hizo Januari. Ofisi siitaji, msinifuate inboksi.

NYONGEZA: Faili limerudi mchana huu. Maelezo ya pant yamekubaliwa. Chini yake kuna hoja mpya, kwa kalamu ile ile nyekundu: "Mhusika aeleze kama alirudisha chupa. Kama alirudisha, krone 9 ziko wapi?"