FENI KUZUNGUKA SIYO HEWA KUTOKA! Wakamuaji wa alizeti tunachemka humu ndani, Dodoma

Wakuu, nimetoka zamu sasa hivi, shati ukilikamua linatoa maji. Nina hasira, lakini naomba mnisome mpaka mwisho.

Nafanya kazi kwenye kiwanda cha kukamua alizeti hapa Dodoma, jina nalihifadhi. Ukumbi una urefu wa mita 30, upana 15, kwenda juu 6. Lango liko mwanzo, mashine za kukamua ziko mwisho kabisa. Baada ya kulalamikia joto kwa muda mrefu, bosi akaleta feni mbili kubwa za ukutani za kutoa hewa, kila moja kipenyo chake kama mita moja. Siku zinashushwa kwenye gari tulishangilia.

Fundi akazifunga pembeni ya lango. Kisa? Waya wa umeme ulikuwa unaishia pale! Nikamfuata bosi: "Mzee, hizi zinavuta hewa ya langoni na kuitolea hapo hapo langoni. Kwetu haifiki." Akaninyooshea kidole kwenye feni: "Kijana, si zinazunguka?"

Hilo jibu ndilo limenileta hapa. Feni haizalishi hewa, inaihamisha. Ikitoa debe moja nje, lazima debe jingine liingie, na litapita njia iliyo rahisi kuliko zote. Kwetu njia hiyo ni lango, hatua tatu tu kutoka kwenye feni. Madirisha ya nyuma yote yamepigiwa bati kwa kuogopa wezi na vumbi. Sasa hewa ya kule nyuma isukumwe na nini?

Halafu kuvuta si sawa na kupuliza. Nani aliwahi kuwasha jiko la mkaa kwa kuvuta pumzi? Koroboi unaipuliza ukiwa mbali nayo na inazimika. Jaribu kuizima kwa kuvuta. Feni ni hivyo hivyo. Upande wake wa kuvuta, ukirudi nyuma umbali sawa na kipenyo chake tu, kasi ya hewa imeshuka mpaka kama sehemu ya kumi. Sisi tuko mita 25 kutoka pale.

Kuna mama mmoja, umri wa mama yangu mzazi, anajaza mashudu kwenye viroba kwenye kona ya mwisho. Anajifunga kanga mbichi puani kutwa nzima. Juzi niliwasha dawa ya mbu, ile ya kujiviringisha, nikaiweka chini karibu naye huku feni zote mbili zinanguruma. Moshi ulipanda wima kama kamba, ukafika kwenye mabati ukatanda pale pale. Haukuyumba. Mama akaniambia, "Mwanangu, mimi mbona nilishawaambia siku nyingi."

Kwa hesabu ya karatasi tuko peponi. Kibandiko kinasema kila feni inahamisha mita za ujazo 25,000 kwa saa. Ukumbi wetu ni 2,700. Yaani hewa yote ingebadilika zaidi ya mara 18 kila saa. Mwambieni huyo mama!

Na hapo sijafika kwenye lililonitoa machozi. Wiki iliyopita stata (kile kifaa cha kuwashia mota) ya feni moja iliungua, fundi akaja akafunga nyingine, akaondoka. Nikafunga uzi wa salfeti kwenye wavu wa feni ile: ukapeperuka kuja ndani, usoni kwangu. Fezi mbili, yaani waya mbili kati ya tatu zinazoleta umeme kwenye mota, zimebadilishana, mota inazunguka kinyume! Feni moja inatoa hewa chafu, jirani yake anairudisha. Kugeuza waya mbili, umeme ukiwa umezimwa, ni kazi ya dakika kumi kwa fundi. Siku ya saba leo. (Wenye blowa za konokono, chunguzeni zenu pia: zile zikizunguka kinyume bado zinapuliza upande ule ule, ila kwa unyonge, ndiyo maana watu hawagundui.)

Bosi kajibu kwa kununua mapangaboi manne. Yanakorogea joto lile lile juu ya vichwa vyetu.

Tunachotaka hakihitaji hata mashine mpya. Upepo wa Dodoma kwa sehemu kubwa ya mwaka unatoka mashariki, na ukuta wetu wa mashariki umezibwa wote. Tobolewe matundu ya chini upande huo, yawekwe wavu. Feni zihamishiwe juu, ukuta wa magharibi, nyuma ya mashine, ili hewa ipite kwetu kwanza kabla haijatoka. Gharama ni waya na siku mbili za fundi.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ipo tangu 2003, na suala la hewa safi limo. Nauliza waliowahi kupeleka malalamiko ya namna hii kwa wakaguzi: mlienda na ushahidi gani? Video ya ule moshi wa dawa ya mbu ninayo, na ya uzi wa salfeti pia ninayo.