Naomba ushauri: mama amegoma kupandikiziwa kinyesi

Habari zenu wakuu. Naishi na mama hapa Uingereza, ana miaka 71. Alimeza antibayotiki za nimonia, akaanza kuharisha mfululizo. Vipimo vikaonyesha bakteria C. difficile. Akapewa antibayotiki nyingine, vankomaisini, akapata nafuu, wiki tatu baadaye yakarudi yale yale. Hii ni mara ya tatu, amebaki mifupa.

Daktari anataka kumpandikizia kinyesi cha mtu mwenye afya, kilichopimwa na kuchujwa, kwa mpira wa puani au vidonge, ili bakteria wazuri warudi utumboni. Nilidhani ananitania! Kumbe utafiti wa Uholanzi uliotoka 2013 ulikuta 13 kati ya 16 walipona kwa mara moja tu. Wa vankomaisini peke yake, 4 kati ya 13. Kinachonitisha: mwaka 2019 Marekani ilitangaza kifo cha mgonjwa aliyewekewa kinyesi chenye bakteria sugu ambao hawakupimwa.

Mama naye anasema, "Nilishwe mavi uzeeni?" Aliyepitia hili, au wauguzi, nimweleweshe vipi bila kumdhalilisha? Na kuhusu mchangiaji, nimuulize daktari maswali gani?