Tupeane uzoefu: mnaosafisha damu, kiu mnaimudu vipi?

Habari zenu ndugu zangu. Niko Majengo, Moshi, mwaka wa tatu sasa nasafisha damu kwa mashine, figo zangu hazifanyi kazi, mara tatu kwa wiki, masaa manne kila safari. Daktari alinipa hesabu hii ya maji ya kunywa kwa siku: mkojo wangu wa siku nzima, jumlisha nusu lita. Kwangu inakuja mililita 700. Wewe chako utapangiwa na daktari wako.

Kilichoniponza ni mtori. Nilikuwa nahesabu maji ya glasi tu. Jumamosi moja kwenye kipaimara cha mpwa wangu nikala bakuli mbili za mtori, nikijua hicho ni chakula, na nyama choma nikaichovya kwenye chumvi kama zamani. Kiu iliyonishika hapo haikuachia hadi Jumapili. Usiku nililala nimeegemea mito mitatu, pumzi haitoshi. Jumatatu mizani ikaonyesha kilo 4 juu ya uzito mkavu, yaani uzito wangu bila maji ya ziada, na kilo moja ni lita moja ya maji. Mashine ilipoanza kuyavuta, presha ikashuka, macho yakaingia giza, msuli wa mguu ukakaza hadi nesi akaja kunisukuma unyayo.

Siku hizi asubuhi najaza kiasi changu kwenye chupa. Nikinywa chai kikombe kimoja, namwaga kikombe kimoja kutoka kwenye chupa. Uji hivyo hivyo, mchuzi hivyo hivyo. Kilichobaki nakiona kwa macho.

Nyie mnafanyaje?

*

Pole sana kaka. Namuuguza mama, tuko Sakina, Arusha. Sisi tulianza na chumvi, kiu ikapungua yenyewe. Dagaa wa chumvi tuliwaacha, na vile vidonge vya kukoleza mchuzi. Tunatia ndimu, tangawizi, kitunguu saumu. Chumvi mbadala msiziguse bila kuuliza, nyingi ni potasiamu, na ikijaa mwilini inaharibu mapigo ya moyo. Ndizi nazo zinayo nyingi, kwa hiyo tunazikatakata ndogo, tunachemsha kwa maji mengi, tunayamwaga, ndipo tunapika upya. Mtori mama bado anakula, mzito, vijiko vichache. Kumnyima kabisa nilishindwa.

*

Joto la Februari hapa Moshi nalijua vizuri. Nasukutua maji baridi na kutema, au namung'unya kipande kimoja cha barafu taratibu. Nacho nakihesabu. Kigumu kwangu ni misibani. Mzee akikupa kata ya mbege huwezi kumrudishia mkono mtupu. Naipokea kwa mikono miwili, nagusisha mdomo, nampitishia wa jirani. Wazee wameshanielewa.

*

Asante dada, asante ndugu yangu, hilo la kuchemsha na kumwaga naanza leo. Wenye kisukari nao waseme, maana sukari ikipanda kiu inakuwa nyingine kabisa. Kesho ni zamu yangu, nitawaambia mizani imesemaje.