Semina ya uzamili: nina dakika 25 kueleza utafiti wa watu wengine, nikate nini nibakize nini?

Nuru_Dom

Habari za humu wakuu. Nipo mwaka wa kwanza wa uzamili wa sayansi ya kompyuta, Dodoma. Kila wiki mmoja wetu anachagua makala mpya ya utafiti na kuieleza mbele ya wenzake na walimu. Unapewa dakika 25 za kuwasilisha na 10 za maswali. Zamu yangu imekaribia.

Nimechukua MasakhaNER 2.0, makala ya mwaka 2022 iliyowasilishwa kule Abu Dhabi kwenye EMNLP, mkutano wa watafiti wa uchakataji wa lugha kwa kompyuta. Inahusu kuifundisha kompyuta itambue majina ya watu, taasisi, mahali na tarehe katika habari za magazeti kwa lugha 20 za Afrika, Kiswahili kikiwemo. Nimeichagua kwa moyo wote, maana ni nadra tunasoma semina nzima na lugha yetu imo ndani ya jedwali.

Shida ni kwamba slaidi zimeshapita arobaini. Kuna historia ya Masakhane (jumuiya ya watafiti wa lugha za Afrika iliyo nyuma ya makala hii), namna data ilivyokusanywa, modeli zilizolinganishwa, yaani programu zinazojifunza kutokana na mifano, halafu majedwali ambayo hata mimi nikiyaangalia kwenye projekta macho yanauma. Na walimu wetu hawangoji mwisho, wanakatiza katikati. Waliopita njia hii naombeni msaada: nianzie wapi, na nitupe nini?

Mkude

Usitupe jedwali lolote. Walimu wanataka kuona umeisoma makala yote. Ukificha namba watasema umesoma muhtasari tu. Punguza historia, majedwali acha.

Kwenye kusoma kwenyewe, tafuta maelekezo ya S. Keshav ya mwaka 2007 ya kusoma makala kwa awamu tatu. Awamu ya kwanza ni dakika tano hadi kumi, unapitia kichwa, utangulizi, vichwa vidogo na hitimisho. Ya pili haizidi saa moja. Ya tatu unajaribu kuijenga upya kazi yao kichwani mwako, na kwa anayeanza inaweza kula saa nne au tano. Bila awamu ya tatu usipande pale mbele.

Bi_Mkokotoo

Nuru mdogo wangu, hongera kwa kuchagua kitu unachokipenda, hiyo ni nusu ya kazi. Nimekaa kwenye semina hizi miaka mingi, kwanza kama mwanafunzi, sasa kama anayesimamia ratiba, na nakwambia bila kuzunguka: chukua dai moja tu la makala hiyo, ulibebe tangu slaidi ya kwanza hadi ya mwisho.

Dai lenyewe limo kwenye ikisiri yao. Ukitaka modeli itambue majina katika lugha ambayo hujaipa mfano hata mmoja wa mafunzo, unaifundisha kwanza kwa lugha nyingine, kisha unaipima kwenye hiyo lengwa. Mazoea ya watafiti wengi yalikuwa kutumia Kiingereza kama lugha ya kufundishia. Hawa wakaonyesha kwamba ukichagua lugha chanzo inayofaa zaidi badala ya Kiingereza, alama ya F1, kipimo cha 0 hadi 100 cha usahihi wa mashine katika kutambua majina, inapanda kwa wastani wa pointi 14 katika lugha zote 20. Hilo ndilo darasa litoke nalo. Lingine lolote lipime hivi: linasaidia kulielewa au kulitilia shaka dai hili? Kama halisaidii, liondoe.

Lakini pointi 14 ni nini kwa mtu aliyekaa pale kiti cha nyuma na anasomea mitandao au usalama? Hapo ndipo wawasilishaji wengi wanapita mbio, na hapo ndipo ningetaka ukae. Acha slaidi, nenda ubaoni, andika sentensi moja:

*Baraka aliajiriwa na Benki Kuu ya Tanzania Machi 2021.*

Waulize wana majina mangapi ya kutafuta. Ni matatu: Baraka ni mtu, Benki Kuu ya Tanzania ni taasisi, Machi 2021 ni tarehe. Sasa wape jibu la mashine dhaifu. Imesema Tanzania ni mahali, Machi 2021 ni tarehe, na Baraka imemwacha, kwa kuwa baraka ni neno la kila siku na herufi kubwa mwanzoni mwa sentensi haithibitishi chochote. Imetaja mawili, sahihi ni moja, hiyo ni asilimia 50. Yaliyokuwepo ni matatu, imepata moja, hiyo ni asilimia 33. F1 inayounganisha hizo mbili (zizidishe, zidisha tena kwa mbili, kisha gawa kwa jumla yao) inakuwa 40. Onyesha pia kwamba kosa la Tanzania limeiumiza mara mbili: imetaja mahali pasipotakiwa, na imeikosa taasisi nzima. Kwenye upimaji huu hakuna alama ya huruma kwa kupata kipande.

Kisha mpe Baraka nafasi yake. Mashine ya pili imemtambua, mengine yamebaki vilevile. Imetaja matatu, sahihi mawili, yaliyokuwepo matatu. F1 ni 67. Jina moja tu kwenye sentensi moja limesogeza alama namna hiyo. Waambie kwamba kwenye sentensi maelfu kusogea kwa pointi 14 ni kazi kubwa mno, na utaona watu wanakaa vizuri kwenye viti. Zoezi zima halizidi dakika sita.

Kaka Mkude, kwenye awamu tatu tuko pamoja kabisa. Kwenye majedwali hapana. Jedwali la lugha 20 likiwa ukutani kila mtu anasoma mstari wake, na wewe unabaki kuongea peke yako. Mwalimu atakayetaka kujua kama umesoma atakuuliza, na ukimjibu bila kupapasa ameshajua.

Sele_Tanga

Naongezea kwenye maswali. Mwaka 2021 Alec Jacobson na Colin Raffel walieleza mtindo wa semina ambapo kila mwanafunzi anaisoma makala akiwa na jukumu lake. Mmoja ni mhakiki anayeamua kama ingekubaliwa kuchapishwa. Mwingine anachimba makala gani ilitangulia na ipi imejengwa juu yake. Mwingine anaandika programu ndogo kujaribu wazo lenyewe, mwingine anafikiria mradi unaofuata, na yuko wa kuangalia athari zake kwa jamii.

Kwetu tuliufuata na semina ilibadilika, watu waliacha kusinzia. Hata kama kwenu haupo, omba wenzako wawili watatu wa bwenini wabebe majukumu hayo jioni moja kabla ya siku yako. Waelezee kwa Kiswahili kitupu, slaidi zimezimwa. Pale utakaposhindwa kueleza bila kuchungulia karatasi, rudi ukasome.

Nuru_Dom

Asanteni sana, nimeshika kalamu hapa. Bi Mkokotoo, sentensi ya Baraka nimeifanyia hesabu kwa mkono na imetoka hivyohivyo. Nauliza mawili. Mwalimu akinikatiza dakika ya nane nifanyeje? Na huo wastani wa pointi 14, nikiulizwa kama Kiswahili nacho kimepanda hivyo?

Bi_Mkokotoo

La pili kwanza maana ni zito. Wastani ni wastani: ndani yake kuna lugha iliyopanda sana na iliyopanda kidogo. Usiseme "Kiswahili kimepanda pointi 14", useme "wastani wa lugha 20", halafu uwe na namba ya Kiswahili uliyoitoa mwenyewe kwenye jedwali lao. Tena hilo ndilo la kutilia shaka kwa heshima mbele ya darasa: kwa lugha mpya isiyo na data, utajuaje lugha chanzo ipi inafaa kabla ya kujaribu? Waandishi wenyewe wamelishughulikia swali hilo, kwa hiyo sehemu hiyo isome mara mbili.

Ukikatizwa, jibu hapohapo kama swali linahusu dai. Kama linahusu data au modeli, andika neno moja kwenye kona ya ubao, mwambie "nimelipokea, nitarudi kwako", na kweli urudi. Panga maelezo yako yaishe dakika ya 18 ili kukatizwa kusikutoe kwenye reli.

Slaidi zilizobaki usizifute. Zihamishie baada ya slaidi ya maswali, kila jedwali na namba yake ya ukurasa kwenye makala. Profesa akitaka kuona Kiluo au Kiwolofu, unaruka moja kwa moja hadi pale.