Bima ya familia Marekani: wanakutajia mshahara, makato utayajua ukishasaini

Wakuu, heshima mbele.

Uzi huu naufungua nikiwa na hasira na sitaificha. Nipo Texas, nina mke na watoto wawili, nina kazi halali yenye bima. Mshahara wa kwanza wa mwaka huu wa 2026 umeingia umekatwa bima mpaka nikadhani wamekosea hesabu. Nikapiga simu HR. Dada aliyepokea akanieleza kwa upole kabisa kwamba hakuna kosa: kampuni inachangia bima ya mfanyakazi, ila mke na watoto ni hiari ya mfanyakazi mwenyewe. Mtoto wa miaka minne ni hiari? Nimweke kando nisubiri akue?

Kwamba bima ya Marekani ni ghali, hilo kila mtu kalisikia. Kinachoniuma ni kwamba bei yake imekatwa vipande, kila kipande kikawekwa karatasi yake, hata mtu mwenye akili timamu hawezi kuijumlisha kabla hajasaini mkataba wa kazi. Na ndugu zetu wanaendelea kuitwa huku kwa kutajiwa dola kwa saa tu.

Tuanze na bei yenyewe. Kuna shirika la utafiti wa sera za afya linaitwa KFF, kila mwaka linawahoji waajiri. Mwaka 2025 bima ya familia inayotolewa kazini iligharimu wastani wa dola 26,993 kwa mwaka. Hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 60 za Kitanzania, familia moja, mwaka mmoja, hata kama hakuna aliyepiga chafya. Mwajiri analipa sehemu kubwa, na mfanyakazi anakatwa wastani wa dola 6,850, yaani kama 570 kila mwezi. Huo ni wastani. Kuna kampuni kubwa zinazobeba karibu zote, na kuna waajiri wadogo, hasa hizi nyumba za kulea wazee na maghala ambako wengi wetu tunabeba boksi, wanaokulipia wewe peke yako halafu familia nzima inabaki mgongoni mwako.

Na hawavunji sheria! Hapa ndipo nilipochoka. Sheria ya Obama ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi wa muda wote awape bima wao na watoto wao. Mke au mume hajatajwa. Tena kipimo cha kwamba bima hiyo "inalipika" kinaangalia makato ya mfanyakazi peke yake: kwa 2026 yasizidi asilimia 9.96 ya kipato chake. Kuhusu watoto anatakiwa awape nafasi ya kuingia tu, kuchangia hata senti moja halazimiki. Kwa hiyo tangazo la kazi linaandika "bima ya afya ipo" na halijadanganya, wakati mwenye familia akija kuuliza bei anaambiwa kiasi kinachomaliza mshahara wa wiki mbili.

Halafu kuna hili ambalo sijawahi kuona likisemwa kwa sauti. Nyumbani Tanzania mtumishi wa serikali anakatwa NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, kwa asilimia ya mshahara, tatu zake na tatu za mwajiri, na inamhudumia yeye, mwenza wake na wategemezi wanne. Kenya sasa SHA, mamlaka yao ya bima ya afya, inakata asilimia 2.75 ya kipato. Mifumo hiyo ina matatizo yake na kila siku tunalalamika, lakini angalau mwenye kidogo anakatwa kidogo. Huku kampuni nyingi zinakata kiasi kilekile kwa meneja na kwa anayefagia. Chukua ule wastani wa dola 6,850. Anayepata dola 200,000 kwa mwaka, hiyo ni asilimia tatu na kitu. Anayepata 40,000 ni asilimia 17 ya mshahara, kabla ya kodi ya nyumba, kabla ya gari, kabla ya kutuma chochote kwa mama. Nani alikaa akaona hii ni haki?

Sasa umelipa. Unadhani umemaliza. Hayo makato yanakununulia kadi tu. Ukienda hospitali kuna kiasi unachotakiwa kujilipia mwenyewe kwanza kabla bima haijaanza kugusa bili, na kwa familia mara nyingi ni maelfu ya dola. Chanjo na uchunguzi wa kinga ni bure kisheria, hilo nalikubali na watu walitumie. Mengine unajilipia mpaka ufike hapo. Ukishafika, bado unachangia asilimia fulani ya kila bili, hadi ugonge ukomo wa mwaka. Kwa 2026 sheria inaruhusu ukomo huo ufike dola 21,200 kwa familia. Jumlisha na makato ya wastani: mwaka mbaya unaweza kukutoa zaidi ya dola 28,000 ukiwa na bima. Ukiwa na bima, wakuu. Na hapo ni kwa madaktari walio ndani ya orodha ya bima yako. Ukitoka nje ya orodha kwa matibabu ya kawaida, ukomo huo haukulindi.

Mwanangu alianguka kwenye bembea Novemba, mkono ukavunjika karibu na kiwiko. Nilimpakia kwenye gari langu kwa sababu hapa kila mgeni anaonywa mapema kuhusu ambulensi, na onyo hilo ni la kweli: sheria iliyoanza kutumika 2022 ya kuzuia bili za kushtukiza inagusa helikopta za wagonjwa ila ambulensi za barabarani imeziacha nje. Tukatibiwa vizuri, madaktari sina ugomvi nao. Bahasha zikaanza. Bili ya hospitali. Bili ya daktari wa dharura, ambaye kumbe haajiriwi na hospitali ile. Bili ya aliyesoma eksirei, mtu ambaye hatukumwona. Bili ya aliyemtia mtoto usingizi. Kila moja ina nambari yake ya simu, na kila ninayempigia ananiambia niongee na bima. Bima wananiambia niongee na hospitali.

Kisha ikafika Januari. Kile kiasi cha kujilipia mwenyewe kikarudi sifuri. Mkono ni uleule, jeraha lilelile, daktari yuleyule anayeangalia kama mfupa umeunga, lakini kwa kuwa kalenda imebadilika naanza kulipa upya. Nilimwuliza wakala wa bima kwa nini. Akasema "ndivyo mpango ulivyo". Sina hasira ndogo na jibu hilo. Mtoto hakuchagua mwezi wa kuanguka.

Aliyenisaidia si bima wala HR. Ni mama mmoja Mkongo tunayesali naye, aliyeingia kama mkimbizi na ameshapita kwenye haya yote. Akaniambia: hospitali nyingi za huku zimeandikishwa kama zisizo za faida, na kisheria lazima ziwe na utaratibu ulioandikwa wa kupunguza au kufuta bili kwa wenye kipato kidogo, na mara nyingi hata wenye bima wanaingia. Uombe fomu. Na uombe bili yenye mchanganuo wa kila kitu, usilipe ile ya jumla. Nikaomba. Nimepunguziwa sehemu nzuri. Lakini jiulize: nimeongea na watu wa malipo wa hospitali ile mara nyingi sana, wote wanajua fomu ipo, na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo kunitajia.

Huyo mama mwenyewe ana kesi kubwa kuliko yangu. Sheria aliyosaini Trump tarehe 4 Julai 2025 inawaondoa wakimbizi na waliopewa hifadhi kwenye Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, kuanzia Oktoba 2026, na kwenye ruzuku za soko la bima la serikali, ambako mtu anajinunulia bima mwenyewe, kuanzia 2027, mpaka wapate green card. Watu waliotoka kambini, waliohakikiwa miaka na miaka, wanafika na watoto watano, kazi ya kwanza ni kiwanda cha nyama, halafu wanaambiwa wanunue bima kwa bei kamili. Tuna maelfu ya ndugu zetu wa Kivu kwenye hali hiyo, na wengi hawajaambiwa bado.

Ruzuku za kawaida nazo zimekatwa. Zile zilizoongezwa 2021 wakati wa korona zilimalizika 31 Desemba 2025. Serikali yao ilifungwa siku 43 kwa sababu ya mvutano huohuo na bado hazikuongezwa. Sasa familia ya watu wanne ikizidi dola 128,600 kwa mwaka haipati hata senti, na walio chini ya hapo wanalipa zaidi ya mwaka jana.

Kwa nini bima imefungwa kwenye kazi namna hii? Mwaka 1942, wakati wa vita, serikali ilizuia mishahara isipande, waajiri wakaanza kuvutia watu kwa bima, na 1954 sheria ya kodi ikathibitisha kwamba mchango wa mwajiri hautozwi kodi. Kilichoanza kama dharura ya vita kikabaki. Matokeo yake ukifukuzwa kazi, bima inaondoka na kazi. Unaweza kuiendeleza kwa miezi 18, ila unalipa bei nzima pamoja na ile ya mwajiri, na asilimia 2 juu. Kwa ule wastani ni karibu dola 2,300 kwa mwezi, kwa mtu ambaye amepoteza mshahara jana.

Kwa mnaokuja, hasa manesi mnaosainishwa mikataba mkiwa Dar na Nairobi: wakala akikutajia mshahara, mwulize makato ya familia ni kiasi gani kwa kila malipo ya mshahara, siyo ya mfanyakazi peke yake. Mwulize familia inajilipia kiasi gani kabla bima haijaanza, na ukomo wa mwaka ni upi. Atakujibu kwamba utaambiwa ukifika. Usikubali, karatasi hizo zipo tayari na kampuni inazo. Ukijifungua ukiwa huku, mwingize mtoto kwenye bima ya kazini ndani ya siku 30. Ukipitisha unaweza kusubiri hadi mwisho wa mwaka.

Na kama makato ya familia kazini kwako yanazidi ile asilimia 9.96 ya kipato cha nyumba nzima, tangu 2023 mke na watoto wanaruhusiwa kwenda soko la serikali na kuombewa ruzuku, wewe ukabaki na bima ya kazini. Watoto waliozaliwa huku ni raia, wanapimwa wao wenyewe kwa Medicaid au CHIP, bima ya serikali ya watoto, hata kama nyie wazazi hamna sifa. HR kwangu hakunitajia hata moja ya haya. Nimeyachimba mwenyewe usiku baada ya zamu.

NYONGEZA: Naona mdau ameuliza si bora mtu akae bila bima, maana faini ilifutwa. Mkuu, ni kweli faini ya serikali kuu ni sifuri tangu 2019, ingawa California, New Jersey na Massachusetts wana ya kwao. Nilifikiria hivyo pia. Kisha nikaangalia ile bili ya hospitali, safu ya kwanza, bei kabla bima haijagusa: kwa mkono mmoja wa mtoto ilikuwa inazidi makato yangu ya mwaka mzima. Ndiyo maana naendelea kulipa, na ndiyo maana nina hasira. Aliyeko Ohio, Minnesota au kwingineko aliyefanikiwa kutenganisha, yeye kazini na familia kwenye soko, aweke hapa analipa kiasi gani mwaka huu.