Naomba ushauri: safari ya Kismayu imetia mchanga safari ya meli

Wapendwa, niko Kisauni, Mombasa. Shemeji yangu, tunayeishi naye hapa, ana pasipoti ya Uingereza. Wanawe wamemlipia meli ya kitalii kutoka Southampton hadi New York, akadhani atajaza ESTA (kibali cha kuingia Marekani bila viza) kwenye intaneti, yakaisha. Kumbe mwaka 2018 alikwenda Kismayu, Somalia, kumzika mjomba wake. Siku nne tu, jamani!

Marekani haimpi ESTA aliyefika Somalia, Iran, Iraq, Sudan, Syria, Libya, Yemen au Korea Kaskazini tangu Machi 1, 2011. Hakukatazwa kuingia, ila aombe viza kamili na kwenda mahojiano ubalozini Gigiri, Nairobi. Sisi wa pasipoti ya Kenya tumeshayazoea hayo. Yeye anaona ametukanwa.

Kuna jamaa anamshauri anyamaze, eti muhuri uko kwenye pasipoti ya zamani. Mimi nimekataa kabisa.

Aliyepitia haya anisaidie: mlingoja mahojiano muda gani? Abebe karatasi gani za kuonyesha alikwenda mazikoni? Na viza ikichelewa, kampuni ya meli husogeza tarehe, au pesa ndiyo imezama?